Pakingi Moja Tu, Tuweke Benchi

Kilimani kuna nafasi ya kila kitu isipokuwa ya mtu kupiga randa. Huo ndio ugomvi wangu leo, wasee, na sizunguki mbuyu.

Tembea kutoka Wood Avenue hadi Kindaruma, ukate Lenana Road, utokee nyuma ya Yaya. Mabango ya fleti mpya yote yanasema kitu kimoja. Jimu juu ya paa. Bwawa la kuogelea. Mahali pa nyama choma. Chumba cha watoto kimejaa mipira ya plastiki. Pakingi orofa mbili chini ya ardhi, jenereta, kisima, kamera kila kona. Sasa niambie, kwa hayo yote, kijana wa miaka 17 anayetaka kutengeneza stuli atasimama wapi? Hakuna. Ukionekana kwa lifti na msumeno, soja anakuuliza unaenda kwa nani.

Halafu vuka barabara. Pale kuna bangalo ya kitambo imezungushiwa mabati, na ndani kuna tingatinga. Hizo nyumba zilikuwa na bustani mbele, SQ nyuma, na gereji ya gari moja pembeni. Kwenye hiyo gereji ndiko baiskeli ziliundwa, redio zikafunguliwa, na mtu akajifunza kushika nyundo bila kuharibu sebule ya mathe. Bangalo ikienda, gereji inaenda nayo. Kinachokuja mahali pake ni vyumba 120 na hakuna hata kimoja ambacho unaruhusiwa kuangusha unga wa mbao.

Ninachodai ni kidogo. Kila ploti itoe nafasi moja ya pakingi iwe ya benchi ya fundi, wakaaji wote waitumie. Na hiyo benchi isinunuliwe. Ijengwe kwa kabati na mbao ambazo Kilimani yenyewe inatupa.

Najua wengine mmeshacheka. Tulieni, twende polepole.

Hizo mbao si takataka

Watu wakisikia mbao ya zamani wanafikiria umaskini. Ati ukiwa na doo unaenda yadi unanunua mpya. Sawa, twende yadi.

Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti kwenye misitu ya umma na ya jamii. Marufuku hiyo ikaongezwa tena na tena, hadi Julai 2023 rais alipotangaza kuiondoa, na hata hapo mambo yakafika kortini. Miaka hiyo yote Nairobi haikuacha kujenga. Mbao nyingi zikatoka Tanzania, Uganda na Congo, na bei ikapanda. Nyingi za hizi mpya unazopata kando ya barabara, hasa saiprasi, zimekatwa juzi na bado zina maji ndani. Unatengeneza meza leo, imenyooka. Mwezi wa tatu imejipinda kama kiatu kilichonyeshewa, na katikati ya ubao na ubao kidole kinapita. Fundi hajakuibia. Mbao ikikauka hunywea, na ikinyweea upande mmoja zaidi ya mwingine inajikunja.

Mbao iliyokaa kwenye paa la nyumba ya Kilimani miaka 50 ilishamaliza huo mchezo wote kabla hujazaliwa. Ilishakauka, ilishanywea, ilishajipinda kama ilikuwa ijipinde. Ukiipiga randa leo ikinyooka, itakaa imenyooka. Kwa benchi hiyo ndiyo sifa ya kwanza, kwa sababu kila kitu utakachotengeneza juu yake kitafuata unyoofu wake.

Lakini nisiwadanganye. Mbao nzuri za nyumba inayovunjwa hazitupwi. Milango mizima, madirisha, mabati na mbao ndefu za paa zina mnunuzi hata kabla ukuta haujaanguka. Zinaenda Kawangware, Kibera, Kangemi, zinajenga keja na vibanda. Hizo ziache. Mtu wa Kilimani akipandisha bei ili amshinde mama anayejenga kibanda cha mboga, kisa ati anataka meza yenye historia, huyo ameharibu kazi ya watu na hana la kujivunia.

Kinachobaki baada ya mawakala kupita ndicho changu na chako. Vipande vya futi mbili, futi tatu, ambavyo mwisho wake ni kuni. Mlango uliopasuka. Na juu ya yote, kabati za jikoni.

Kuhusu kabati, hapa Kilimani tumekosa haya kabisa. Kila fleti ikipata mwenyewe mpya, jikoni iliyowekwa miaka kumi iliyopita inaitwa ya kizamani. Kabati zinashushwa kwa ngazi, zinaachwa kando ya mapipa, mvua inazinyeshea, lori linazibeba Dandora. Hakuna anayezinunua, na kuna sababu: nyingi ni chipbodi, yaani vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi. Ikinyonya maji inavimba kama mkate, na skrubu ikitoka mara moja, ikirudi kwenye tundu lile lile haishiki tena. Kwa hivyo huwezi kuzitoa hapa ukazifunga kwingine zikabeba mzigo. Lakini kama hutaziomba zibebe mzigo, bado ni sanduku zenye droo na milango, bure au karibu na bure.

Na hiki ndicho kinachonichekesha. Sisi hawa hawa tunaenda Toi Market Jumamosi, tunachimba mitumba, tunapiga picha, tunajisifu tumepata jaketi kwa mia mbili. Hiyo ni staili. Kabati ya mtumba ikiingia getini, ghafla ni aibu.

Benchi yenyewe

Yangu niliijenga kwa kabati mbili za chini zilizotoka kwa fleti iliyokuwa inakarabatiwa, na vipande vya mbao za paa kutoka kwa bangalo iliyovunjwa mtaa wa pili. Kabati zilinigharimu elfu moja zote mbili na soda za vijana walionisaidia kuzishusha. Vipande nilimwomba foreman wa pale. Usiingie mahali panapovunjwa bila ruhusa, na usiingie na ndala. Msumari wenye kutu hauulizi unaishi mtaa gani.

Sitawapa kila kipimo, lakini mambo makubwa ni haya.

Urefu wa kwenda juu: simama wima, mikono ichini. Pale kiganja kinapoanza ndipo benchi ya randa inafaa kuishia. Kwa wengi wetu ni sentimita 85 hadi 90, na kabati ya chini ya jikoni ikiwa na miguu yake inakaribia hapo hapo. Ndiyo maana jikoni na benchi ni ndugu.

Misumari: toa yote, hata ile unayofikiria haitakusumbua. Mimi nilitumia jioni mbili kwa nyundo na koleo, halafu nikapitisha sumaku ya spika mbovu juu ya kila kipande. Msumari mmoja uliofichika unamaliza meno ya msumeno kwa sekunde moja.

Rangi: kama mbao ina rangi ya kitambo, usiipige msasa ikiwa kavu. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Mimi niliacha kila kipande chenye rangi. Na vigae vya paa vya asbesto hata usiviguse.

Fremu: hapa ndipo video nyingi za Marekani zinakudanganya, kwa sababu kule wanaanza na kabati za mbao ngumu. Ya kwetu ni chipbodi. Kwa hivyo unajenga fremu ya mbao halisi, miguu sita, inayozunguka kabati na kubeba uso wa benchi. Mzigo unashuka kwa miguu hadi sakafuni. Kabati zinakaa katikati kama abiria, kazi yao ni kutunza vifaa.

Uso: vipande vifupi vinapangwa kama matofali, viungo visikutane mahali pamoja, gundi nyeupe katikati, na chini mbao za kukingama za kuvishika. Huna klampu? Zungusha kamba, ingiza kabari, gonga mpaka ikaze. Ikikauka unapiga randa mpaka rula ikilala juu yake mwanga usipite chini.

Uzito: benchi nyepesi inatembea ukisukuma randa. Jaza kokoto kwenye sehemu ya chini ya kabati. Kokoto Kilimani hazikosekani, kuna rundo kila kona.

Mwisho funga jiliwa, ile mafundi wengi wanaita vaisi. Ya mtumba ukitafuta vizuri Gikomba utapata. Hicho ndicho kitu pekee nilichotoa doo ya maana.

Ilinichukua wikendi tatu. Urefu wake mita 1.8, upana sentimita 60. Nimeshatengeneza juu yake rafu mbili, stendi ya kamera, na kitanda cha mbwa wa jirani ambaye sasa ananisalimia.

Barua

Benchi ilikaa pakingi yetu siku 19. Siku ya 20 nikapata barua kutoka kwa kamati: niitoe ndani ya siku saba, kwa sababu ni kitu kisichofaa hadhi ya jengo.

Kumbuka nilikuwa nimeiweka kwenye nafasi ambayo kejani kwetu tunailipia. Hatuna gari. Nafasi ya upande wa kulia ina gari ambalo halijawashwa tangu nikiwa form three. Magurudumu yameisha upepo, kioo kimejaa vumbi, paka amezaa chini yake mara mbili. Hilo halijawahi kuandikiwa barua. Chuma kinachooza kina hadhi, benchi inayofanya kazi haina.

Hapo ndipo nilielewa kuwa hawaogopi uchafu. Wanaogopa kuonekana kama mahali ambapo watu hufanya kazi ya mikono. Na hiyo hofu ina historia. Kilimani ya ukoloni ilikuwa mtaa wa Wazungu, na Mwafrika aliyefanya kazi ya mikono hapa alilala SQ, nyuma, asionekane kutoka barabarani. Wakoloni walienda, majengo yamepanda juu, lakini ile sheria ya kwamba kazi ifanyike nyuma, na ifanywe na mtu mwingine, bado iko kwenye ukuta wa kila lifti.

Sasa hivi benchi iko kwenye gereji ya mzee mmoja jirani, kwa bangalo yake. Alinipa bure, nimsaidie tu kufagia. Juzi kwenye geti lake kumebandikwa tangazo la kubadilisha matumizi ya ardhi. Mnajua hilo linamaanisha nini. Vijana wanne tunaotumia hiyo gereji hatujui tutaenda wapi.

Visingizio

"Kelele." Hapa nacheka kwa uchungu. Kilimani tunaamshwa na tingatinga na kulazwa na spika za klabu. Mwishoni mwa 2022 kaunti ilitangaza kufunga vilabu vya usiku katika mitaa ya makazi baada ya wakaaji kuchoka na kelele. Kanuni za kelele za 2009 zinatenganisha mchana na usiku. Basi tuandike sheria ya benchi: vifaa vya mkono pekee, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, Jumapili hapana. Randa ya mkono inatoa sauti ndogo kuliko blenda ya mama wa orofa ya nne.

"Vumbi na moto." Hii ni hoja halali na siidharau. Unga wa mbao unashika moto, na thina kwenye pakingi iliyofungwa ni hatari. Kwa hivyo: hakuna kupuliza rangi, hakuna kuweka thina, kila mtu anafagia kabla hajatoka, kizima-moto kinaning'inia ukutani. Kusema kweli, majiko ya nyama choma juu ya paa yana moto wa kweli, na hayo tuliyaruhusu kwa makofi.

"Nenda kwa fundi, usimnyang'anye kazi." Hii huwa inasemwa na watu ambao wakifika kwa mafundi wa Ngong Road wanasimamisha gari na kushusha bei ya sofa mpaka jamaa anabaki na nauli. Mimi nilianza kuwalipa mafundi vizuri siku nilipojua saa ngapi zinapotea kwa kunyoosha ubao mmoja. Na hiyo benchi ya ploti ndiyo itamletea fundi kazi mpya: mleteni Jumamosi awafundishe, mumlipe kama mnavyomlipa mwalimu wa kuogelea.

"Nunua tu meza dukani." Utanunua chipbodi. Utairudisha kando ya mapipa baada ya miaka mitano, na mtu kama mimi atakuja kuiokota.

Kwa nini hii si mambo ya hobi

Mzee wangu alisoma 8-4-4 ya mwanzo, ile iliyoanza 1985, wakati sanaa na ufundi zilikuwa za kufanyiwa mtihani. Alitengeneza mwiko na stuli shuleni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yakapunguzwa, na kizazi chetu kikamaliza shule bila kushika patasi hata siku moja. Sasa CBC imerudisha wazo hilo. Tangu 2023 watoto wa JSS wana somo la Pre-Technical. Poa sana. Mdogo wangu yuko Gredi ya 8, na wiki jana alikuwa anachora msumeno kwenye daftari, na mishale ya kuonyesha mpini na meno. Msumeno wenyewe hajawahi kuushika shuleni. Akirudi nyumbani, jengo lenye bwawa, jimu na lifti mbili halina mahali pa kumwonyesha.

Na msiniambie Kilimani haijui kutoa nafasi kwa vijana wanaojaribu vitu. Mwaka wa 2010 iHub ilifunguliwa pale Bishop Magua, Ngong Road. Ilikuwa ukumbi, intaneti, meza, na ruhusa ya kukaa na watu wanaojaribu vitu. Kutoka kwa hiyo ruhusa watu walianzisha kampuni, na dunia ikaanza kutuita majina makubwa ya kiteknolojia. Tulielewa kuwa mtu mwenye laptopu anahitaji meza na majirani. Mtu mwenye msumeno anahitaji vitu viwili hivyo hivyo, ila meza yake iwe nzito.

Kazi za ofisi tunazoambiwa tusubiri, tunajua wenyewe zimekaa vipi. Sisemi kila mtu awe seremala. Nasema mtu wa miaka 20 ambaye hawezi kurekebisha droo yake atalipa kila kitu maisha yake yote, na hatajua akipunjwa.

Cha kufanya

Kuna Sheria ya Sectional Properties ya 2020. Kwa lugha rahisi, ploti iliyosajiliwa chini yake ina shirika la wenye fleti, na shirika hilo ndilo linasimamia maeneo ya pamoja. Linafanya mikutano na linapiga kura. Kama wazazi wako wana fleti, wana kura. Waambie waingize hoja moja kwenye ajenda. Kama mnapanga kama sisi, andikeni barua na mkusanye sahihi za wapangaji, na mtafute mwenye fleti mmoja tu wa kuisimamia mkutanoni.

Nendeni na hesabu. Nafasi ya pakingi ni karibu mita 2.5 kwa 5, yaani mita mraba 12 na nusu. Benchi kama yangu inachukua mita mraba moja na kidogo, chini ya sehemu moja ya kumi. Pande zote zinabaki za kusimama, kukata na kuweka vipande. Nendeni pia na ukurasa mmoja wa sheria za kutumia: saa, vifaa vya mkono, kufagia, kizima-moto, na nani anaweka ufunguo. Mzee wa kamati akiona mmefikiria mambo ya moto kabla yake, nusu ya maneno yake yameisha.

Na kwa nyinyi mnaojenga: mnapovunja bangalo, tengeni rundo moja la vipande vifupi kando ya geti, na siku moja kwa wiki mtu wa mtaa aombe kwa foreman achukue. Hakiwagharimu kitu. Mnalipa lori la kuvitupa.

Ploti ya kwanza itakayopitisha hoja hii iniandikie. Nitakuja na msumeno, randa na jiliwa. Kabati mtatafuta nyinyi, na hamtaenda mbali: anzieni kando ya mapipa yenu.